Mguu Nilioutabiria

Miaka ya sabini mwanzoni nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bagamoyo mjini, kijana asiyefika thelathini, na watu waliniamini kwa jambo moja: kumtambua mtoto atakayekuja kucheza mpira. Kila mwaka afisa utamaduni wa wilaya alinipa kazi ya kuchagua timu ya watoto wa kwenda mashindano ya mkoa. Wawili niliowachagua mwanzo walichukuliwa na timu za Dar es Salaam, basi nikajiona nina jicho. Niliwapanga watoto mstari, nikawatazama vifundo vya miguu, nikawauliza baba zao wana urefu gani, nikawakimbiza kwenye mchanga wa pwani. Nikimaliza nasema: huyu ndiyo, huyu hapana. Waliolia kwa kuachwa sikuwatazama mara mbili.

Yule mtoto wa Kerege, kijiji kilicho kwenye barabara ya Dar es Salaam, nilimwona kwa bahati. Basi lilipata pancha, tukashuka, na kando ya barabara watoto walikuwa wanacheza chandimu kwa mpira wa matambara. Mmoja alikuwa mrefu, mwembamba, wa miaka kumi na minne hivi. Kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshageuza shingo kushoto na kulia, na ukimfikia anajua tayari pa kuupeleka. Hilo nilikuwa nimejaribu kuwafundisha wengi, wakashindwa. Gurudumu lilipokwisha kubadilishwa nililiacha basi liende.

Nilimwambia mtoto mimi ni mwalimu, akanipeleka kwao. Mama yake, mjane, alikuwa uani anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kafanya nini huyu?"

"Hajafanya kitu. Nataka akae kwangu Bagamoyo, asome, nimfundishe mpira. Huyu atavaa jezi ya taifa."

Aliendelea kumenya. "Mimi nataka amalize la saba tu."

"Atamaliza. Lakini mguu ule, mama, si kila mtu kajaliwa."

Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu akamfungia nguo zake ndani ya kanga, akanikabidhi mtoto.

Alikuwa mpole. Aliyafua mashati yangu bila kuambiwa. Bahari aliiogopa, wenzake wakioga baada ya mazoezi, yeye maji hayakumpita vifundo. Kila mwisho wa mwezi nilimsimamisha kwenye fremu ya mlango nikachora mstari kwa penseli juu ya kichwa chake, na mistari ilikuwa inapanda haraka, nami nikifurahi kana kwamba ni kazi yangu.

Mwezi wa nne alinijia baada ya shule.

"Mwalimu, goti linaniuma."

"Wapi?"

"Juu yake kidogo. Usiku ndiyo zaidi."

Nikapabonyeza. Palikuwa na uvimbe mdogo, wa moto. Nikacheka. "Unakua wewe. Mifupa inavutika." Hivyo ndivyo nilivyoambiwa mimi nilipokuwa mtoto, na sikutaka kujua zaidi. Nilimpaka dawa ya kuchua, nikampima tena mlangoni.

Baada ya hapo akaanza kubaki nyuma katika mbio. Alikuwa akichechemea, kisha akiniona anajitahidi kunyoosha mwendo. Nilimwita mbele ya wenzake.

"Umeanza kuringa. Unadhani nafasi yako umeshaipata?"

"Hapana, mwalimu."

Nikamwamuru akimbie mchangani peke yake wenzake wakipumzika. Alikimbia. Habari za goti hakunitajia tena, nami nikaona nimemtibu.

Siku ya mechi ya mwisho ya mchujo tulicheza na watoto wa Lugoba. Mpira ulikuja juu, akaruka. Hakukuwa na mtu karibu yake, wala aliyemgusa. Alipotua, mguu ukavunjika juu ya goti. Mlio niliousikia pale nilipokuwa nimesimama ulikuwa kama wa fito inayokatika. Nakumbuka nilichokisema kwanza. Nilipiga kelele: "Inuka!"

Alipelekwa kwa Landrova ya wilaya hadi hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Siku ya pili daktari aliniita ukumbini kwa kuwa mimi ndiye mlezi.

"Mguu unamwuma tangu lini?"

"Miezi miwili hivi."

"Mlimpeleka wapi?"

Nikamtajia dawa ya kuchua. Akanieleza kwamba mfupa ulikuwa umekwisha kuliwa na saratani, na mguu utakatwa. "Hata ungemleta mapema," akasema, "huenda ingekuwa vile vile." Neno hilo, huenda, nilirudi nalo njia nzima mpaka nyumbani.

Alipokwisha kukatwa mguu na kurudishwa kwa mama yake, nilikaa wiki tatu kabla ya kwenda Kerege. Nilimkuta kwenye mkeka, amejifunika shuka, amekonda mpaka meno yameonekana makubwa. Akaniamkia vizuri kama zamani. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza darasani:

"Mwalimu, wewe unatazama miguu ya watu unajua ya mbele. Ule wangu hukuuona?"

"Sikuuona."

Akafikiri kidogo. "Hata mimi nilidhani nakua."

Kikohozi kilimwanza muda mfupi baadaye, saratani imeingia mapafuni, na hakuifikia masika. Tulimzika baada ya adhuhuri. Siku ya hitima mama yake aliniita pembeni. Nilitaka kuomba msamaha, akanikatiza kwa mkono.

"Mdogo wake anakwenda kukaa kwa mjomba wake Bagamoyo. Ataanza la kwanza shuleni kwako. Mfundishe kusoma. Miguu yake usiitazame."

Nikamwahidi. Afisa utamaduni nilimwambia atafute mchaguzi mwingine. Alidhani ni majonzi ya muda, akangoja mwaka mzima kabla ya kunielewa.

Mdogo mtu alikuja, nikamfundisha kusoma na hesabu. Saa za michezo nilibaki darasani nikisahihisha madaftari, dirisha la upande wa uwanjani nimelifunga. Siku moja, akiwa darasa la nne, aliingia anahema, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mwalimu. Leo nimefunga mawili."

"Marahaba. Vizuri. Kanawe uso, kengele inakaribia kulia."

Alisimama pale kidogo akingoja niongeze neno, kisha akaenda zake.