Nilifumua soksi ya Krismasi ambayo marehemu mke wangu alikuwa ameianza

Wakuu, salamu kutoka Nakuru.

Hii kitu imenikaa kifuani tangu Krismasi. Nitaisema vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi. Mwenye atacheka acheke, hata mimi kuna mahali nilicheka.

Niko miaka hamsini na kidogo. Nafanya kazi kwa machimbo ya Kariandusi, nalala huko Jumatatu mpaka Ijumaa, weekend narudi kwangu Kaptembwo.

Mke wangu, Mama Kevo, alifariki Agosti. Pressure. Jumatatu alinipakia chai kwa thermos, Jumatano nikapigiwa simu. Hivyo tu.

Tangu hapo Jumamosi ndio siku mbaya kwangu. Zamani nilikuwa nahesabu siku ifike. Sasa nafungua kufuli, naingia, na hakuna mtu wa kuniuliza mbona nimechelewa.

Oktoba nikapata kikapu chake chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na sindano, wool, na kitu alikuwa ameanza kufuma. Juu nyeupe, chini nyekundu, haijafika nusu.

Nikajua ni nini. Mjukuu wetu Tasha, mwenye anaishi Nairobi na wazazi wake, alikuwa amemwambia kwa video call, "Kukhu, nataka soksi ya Krismasi." Sisi ni watu wa Western, nyanya ni kukhu.

Nikasema basi, nitaimaliza mimi. Kijana wangu Kevo hajakanyaga hapa tangu mazishi. Kazi ni nyingi, simlaumu. Lakini nilijua soksi ikiwa tayari, Tasha atamsumbua baba yake mpaka waje kuichukua. Hiyo ndiyo ilikuwa plan yangu yote.

Na msishangae mwanaume kufuma. Sisi tuliosoma mtaala wa 8-4-4 tulifuma darasani, wavulana kwa wasichana, na sindano zilikuwa spoki za baiskeli. Mkono haukuwa umesahau.

Sasa shida.

Nikaipima ile kitu. Wakuu, ilikuwa pana, miguu yangu yote miwili ingeingia. Na mtoto ana miaka sita.

Nikajiambia, maskini Mama Kevo, kumbe ugonjwa ulikuwa umeanza kumchanganya na hakuniambia. Nililia, sitaficha.

Halafu nikavuta wool. Nikafumua nyekundu yote, nikaikunja mpira. Ile sehemu nyeupe sikuihitaji, nikairudisha kwa kikapu hivyo hivyo.

Nikampigia Kevo, nikamuuliza mtoto anavaa kiatu number ngapi. Akaniambia. Akauliza ni ya nini, nikamwambia atulie ataona.

Nilifuma kila jioni nikitoka kazi. Nilikuwa naosha mikono mara mbili, ile vumbi nyeupe ya machimbo ikiingia kwa wool haitoki. Wenzangu waliniita mathe, eti nimekuwa mama. Kisigino nilijifunza kwa video kwenye simu, narudia pale pale mpaka bundles zinaisha.

Na nilifuma mbili. Nani hupea mtoto soksi moja?

Mwanzo wa Desemba nikazipeleka kwa Mama Njeri, anayetengeneza sweta za shule hapa Kaptembwo. Alikuwa rafiki wa mke wangu. Nilitaka anifungie nyuzi vizuri. Akaziangalia, akaziweka chini.

"Baba Kevo, hizi ni soksi gani?"

"Za Krismasi. Za Tasha."

"Na ile kubwa iko wapi?"

Hapo ndio nilielezwa. Mke wangu alifanya kazi ya kufua kwa boma moja Milimani miaka kumi na tatu. Huko, kila Desemba, kila mtoto alikuwa anatundikiwa soksi moja kubwa ukutani, zawadi zinawekwa ndani. Si ya kuvaa. Mama Kevo alikuwa anaziona kila mwaka, na alimwambia Mama Njeri ya Tasha itaingia mkate mzima.

Nilikaa kwa benchi yake. Miaka kumi na tatu akienda Milimani, mimi nikirudi weekend nauliza tu chakula iko tayari. Sikuwahi kumuuliza huko ameona nini. Kazi ya mwisho ya mikono yake nikaifumua nikidhani ni yeye amechanganyikiwa, kumbe mjinga ni mimi.

Mama Njeri hakunibembeleza. Alisema tu, "Nyeupe uliitupa?"

Nilienda nyumbani mbio. Ilikuwa bado kwa kikapu. Vitanzi vingine vilikuwa vimeteleza mistari miwili, lakini ilikuwepo. Nikamrudishia Mama Njeri. Akaviokota kimoja kimoja, akavirudisha kwa sindano, akanipatia.

"Sasa fumua hizo zako, uendelee pale aliachia."

Nikafumua zote mbili. Wool ilikuwa imejikunja kama nywele imetoka kufumuliwa. Nikaanza tena.

Ilikuwa tayari tarehe ishirini na tatu. Mdomo ni wa Mama Kevo, mguu ni wangu. Ukiangalia utajua, vitanzi vyake vimekaa sawa, vyangu kila kimoja kimejiamulia.

Siku hiyo hiyo Kevo akapiga simu. "Baba, hatutaweza kukuja. Nimewekwa duty. Tutajaribu Easter." Nikamwambia sawa, Mungu awalinde.

Nikaitundika kwa msumari wa kalenda. Siku ya Krismasi nilitoka kanisani nikapitia dukani, nikanunua mkate, nikautia ndani nione.

Uliingia mzima. Mama Kevo alikuwa amepima vizuri. Hapo ndio nilicheka, peke yangu kwa nyumba, mpaka kicheko kikageuka.

Somo langu ni dogo. Kuuliza si ujinga. Mwenye bado ako na mtu wake, amuulize leo huko ametoka kulikuwa aje, na angoje jibu.

Sasa nisaidieni. Kevo anasema niitume na parcel, itafika siku hiyo hiyo. Nimeifunga mara mbili na nikaifungua. Nikituma, Tasha atafurahi. Lakini nikituma, hawana tena kitu ya kuwaleta huku.

Nyinyi mngefanya aje?

Andikeni tu, nitasoma zote. Leo ni Jumamosi, niko kwa nyumba.