Shee wa Kipini, Niliyesema Simjui

Jambo hili nililificha, hata kwa mama yangu. Likizo hii Shee alikuja kwetu Garsen, akasimama mbele yangu, nami nikasema simjui.

Sasa amekufa, na akili yangu inakataa. Tumefungua shule na dawati lake la dirishani halina mtu. Ni homa, wanasema. Walikuwa bado wanatafuta lori la kumpeleka hospitali.

Nabandika karatasi hii kwenye ubao wa nje ya bwalo, pale mnaposoma matokeo ya mpira. Mnaopenda kuandika maneno kwa penseli chini ya karatasi za watu, andikeni. Nastahili.

Ninyi mnamjua Shee wa darasani, yule aliyelala kwenye hesabu akaamka na jibu. Mimi nilimjua Shee wa maji ya magoti.

Bwana shauri mmoja wa Kipini, Mzungu wa serikali, alikuwa akivua kwa namna ya ajabu. Hakutumia nyavu wala chambo cha kuliwa. Manyoya tu, yamefungwa kwenye ndoana, na mshipi mzito unaorushwa hewani mbele na nyuma kabla ya kutua. Shee alimbebea kikapu. Mzungu alipohamishwa, alimwachia ufito wa mwanzi uliovunjika ncha. Shee akauunga kwa uzi wa nyavu.

Manyoya aliyang'oa kwa jogoo wa shangazi yake. Jogoo yule alitembea mkia wazi, maskini!

Kwa wasiojua, sisi Waorma hatuli samaki. Si dini, ni desturi ya watu wa ng'ombe. Kwetu samaki ni kitu cha kuziba pua. Kwa hiyo nyumbani nilisema nakwenda Kipini kusoma na mwenzangu. Vitabu nilivibeba kweli. Nilivisoma pia, kidogo.

Asubuhi ya kwanza bahari ilikuwa imekupwa, mchanga umelala mbali sana chini ya maji machache. Nikarusha mshipi. Ukanizunguka shingo.

"We Barisa! Wavua au wajinyonga?"

"Nifundishe basi."

"Taratibu. Usirushe kama wafukuza ng'ombe."

Kisha akanishika bega. Mbele yetu kivuli cha kijivu kilikuwa kikipita, mgongo ukipasua maji. Samaki kolekole, mkubwa.

"Mwana wa Orma," akaninong'oneza, "ng'ombe wako yule pale. Hana pembe, lakini akikukamata utamfuata wewe."

Nikarusha tena, akanasa. Mshipi ulinikata kidole. Ufito ulipinda hadi nikadhani utakatikia pale pa kiungo. Nilipiga kelele ambazo hamjawahi kuzisikia kwangu, mimi mnayesema sina sauti. Shee aliruka akamkamata mkia, wote wawili wakaanguka majini. Nilimgusa samaki yule kwa kiganja kizima. Sijawahi kufurahi vile.

Nilirudi Garsen, sikumwambia mtu.

Kwa akina Shee, watu wawili mkivua samaki mkubwa, fungu la mwenzako hupelekwa kwa wazazi wake. Ndiyo adabu. Hakujua kwamba kwetu ni aibu, na mimi sikuwahi kumwambia, kwa sababu niliona haya kumwambia kwamba watu wangu wanadharau chakula chake. Alikausha fungu langu kwa chumvi, akalifunga kwa makuti, akapanda lori.

Ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Baba, ami zangu na wageni walikuwa uani wakinywa chai ya maziwa. Harufu iliingia kabla yake.

"Assalamu alaykum, wazee. Nimeleta fungu la Barisa."

Waliitikia salamu. Binamu yangu Guyo, ambaye tuko naye bweni moja hapa ila madarasa mbalimbali, akafunika pua kwa shuka.

"Fungu la Barisa! Kumbe tuna mvuvi nyumbani? Kesho tutamnunulia ngalawa!"

Wageni wakacheka. Ami yangu mkubwa hakucheka.

"Barisa, unamjua kijana huyu?"

Kidole changu kilikuwa bado kimefungwa kitambaa, na aliyekifunga ni Shee.

"Simjui, ami."

Shee alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma.

"Samahani wazee wangu," akasema. "Nimekosea nyumba."

Akajitwika mzigo wake akaelekea kivukoni. Ningeweza kusingizia nakwenda msalani, nikapita nyuma nikamkimbilia. Nilibaki nimekaa. Hata chai nilimaliza.

Nilikusudia kumwomba radhi tukifungua. Maneno yote nilikuwa nayo tayari, mazuri, kama insha.

Juzi mwalimu mkuu alinipa ruhusa nikaenda Kipini. Babake Shee alikuwa barazani na watu waliokuja kumpa pole. Nikataja jina langu.

"Ndiwe Barisa?" Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Pole, mwanangu. Alikuja kwenu asikukute. Alisikitika sana. Akaniambia, 'Baba, angekuwepo Barisa, wasingeniacha nirudi na njaa.'"

Nilimwambia ukweli, pale pale, mbele ya watu. Mzee aliachia mkono wangu. Nikaanza kuinuka niondoke. Ndipo akasema, "Kaa. Watu wanakula." Sahani ilikuwa ya wali na samaki. Nikakaa, nikala.

Shee, ndugu yangu, Mwenyezi Mungu akupe mapumziko mema huko uliko. Ulinifichia aibu yangu hata kwa baba yako. Mimi sitaificha tena.

Lori la kurudi lilisimama Garsen. Nikashuka, nikaenda nyumbani. Ami yangu mkubwa alikuwa uani na wenzake.

Nikamwambia: "Ami, yule kijana wa samaki nilimjua. Alikuwa rafiki yangu. Amekufa."

Sikungoja jibu la mtu. Nilimwamkia mama, nikarudi barabarani kutafuta lori la shule.