Majibu Mazuri, Mguu Ukakatwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Bachisio Tamponi anapakia magome ya mwaloni kwenye trela, akijiegemeza kwenye mkongojo. Juu ya mti, mdogo wake, Antioco, anabandua mengine kwa shoka. Yatakuwa vizibo vya chupa za mvinyo.

Kazi ya juu ilikuwa ya Bachisio tangu ujana wake, katika misitu hii ya Calangianus, Sardinia. Sasa mguu wake wa kushoto unaishia chini kidogo ya goti.

Yeye na mkewe, Gavina, walipimwa siku moja kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu. Gavina hakuwa na dalili yoyote, lakini kipimo kiligundua mapema kwamba ana kisukari. Akaanza dawa, na leo yu mzima. Bachisio aliambiwa yuko salama.

"Nilimtania kwamba keki zote za asali sasa ni zangu," anasema.

Kila mwaka majibu yake yalikuwa mazuri. Kila mwaka alizidi kukonda, na miguu ikafa ganzi. Akasingizia uzee. Shoka lilipomchanja kidole cha mguu, hakusikia maumivu. Kidonda kikaoza ndani ya buti.

Hospitalini walimpima sukari ya papo hapo, wakaikuta juu mno. Daktari akauliza kama kuna chakula anachokikwepa. Gavina akajibu kwamba mumewe hali maharage mapana. Utotoni nusura yamuue, kama yanavyowadhuru wengi kisiwani.

Daktari akawaeleza kwamba wanaodhurika na maharage hayo wana hitilafu ya kurithi inayoua mapema chembe nyekundu za damu. Kipimo cha miezi mitatu husoma sukari iliyoganda kwenye chembe hizo. Za Bachisio zilikufa kabla hazijabeba ya kutosha, ndiyo maana majibu yalionekana mazuri.

"Hakuna aliyeniuliza habari za maharage," anasema. "Na mimi ningejuaje?"

Antioco naye hali maharage hayo. Anashuka, anamaliza chupa nzima ya maji, anafungua nyingine. Bachisio anatoa mfukoni mashine ndogo ya kupimia sukari.

"Lete kidole."

"Kaka, niache nimalize miti. Majibu yangu ni safi."

"Hata yangu yalikuwa safi."

Antioco anautazama mkongojo, kisha anapanda tena.

Bachisio ameshamwekea miadi ya kupimwa sukari kabla ya kula, Jumatatu. Jumapili usiku atalala nyumbani kwa mdogo wake, anasema, ili asubuhi amzuie hata kahawa.

"Mimi siwezi kupanda tena. Nataka yeye aendelee kupanda."