Puli ya Pipa la Kusafishia Shaba

Tuliiita pipa, ingawa haikuwa pipa. Ilikuwa mtungi wa chuma, ukubwa wake kama ndoo ya maji, umelazwa ubavu juu ya fremu, na kando yake mota ndogo iliyouzungusha kwa mkanda. Baba alisafishia humo vichwa vya stovu za pampu, vifuniko vya karabai na mabirika ya shaba. Unatia chombo kichafu pamoja na makapi ya mpunga na magunzi ya mahindi yaliyotwangwa, unafunga, unawasha, unakwenda kunywa chai. Baada ya saa mbili shaba inatoka inang'aa mpaka unajiona meno.

Mashine hiyo haikutengenezewa stovu. Baba alipokuwa kijana aliajiriwa na mwindaji wa Kizungu aliyekuwa na kambi ng'ambo ya mto, na mtu huyo hakuwa akitupa maganda ya risasi. Aliyaokota, akayasafisha pipani, akayajaza baruti upya, akayatumia tena. Uwindaji ulipopigwa marufuku alifungasha vyake akaenda zake, na pipa akamwachia Baba, nadhani kwa sababu lilikuwa zito. Ndipo Baba akafungua kibanda cha ufundi hapa Garsen.

Mimi nilirudi kwake miaka mingi baadaye, mwishoni mwa miaka ya tisini, na talaka moja na masufuria matatu. Mafuriko makubwa yalikuwa yamepungua mwaka huo. Watu wa vijiji vya mtoni, Hewani na kwingineko, walikuwa wakichimbua stovu zao kutoka kwenye matope na kuzileta kwetu zikiwa za kijani. Kazi ilijaa hadi mlangoni. Katikati ya hayo Baba akaamka siku moja mkono wake wa kulia umelegea, na haukurudi sawasawa tena. Kikombe aliweza kukishika. Kusugua shaba kwa mchanga na ndimu hakuweza.

Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, aliandika barua. Kama mashine inafanya kazi, alisema, Baba akae. Lakini akisikia mzee anasugua masufuria ya watu kwa mkono mbovu, atakuja kumchukua akaishi naye. Nilimsomea Baba barua ile kwa sauti ya hasira. Sikutaka aende. Nilijiambia mzee aliyezoea kibanda chake atanyauka huko mjini, akikaa kwenye kochi la mkwe. Wiki mbili baadaye, puli kubwa ya pipa, lile gurudumu linalopitishiwa mkanda, ikapasuka vipande vitatu.

Sasa lazima niseme ukweli: pamoja na hofu yote, nilifurahi kidogo. Mimi ni mtu wa kufungua vitu. Nikiwa na miaka tisa nilifungua redio ya shangazi nikitafuta anayesema ndani, na kipigo nilichopata hakikuniponya. Pipa lile Baba hakuwahi kuniruhusu kuligusa. Sasa vipande vya puli vilikuwa mikononi mwangu, na nilivigeuzageuza jioni nzima nikishangaa kwa nini tundu la katikati lina mfereji mdogo. Ni wa kuingizia kijiti cha chuma, ili puli isiteleze kwenye mhimili. Hilo niligundua mwenyewe, nikajiona msomi.

Nilianza kutafuta hapo hapo Garsen. Kwenye rimu ya baiskeli mkanda uliteleza. Mwenye mashine ya kusaga alinionyesha puli ya akiba, pana kama sinia la pilau, nikacheka, naye akanuna. Mwisho nilivifunga vile vipande kwenye leso nikaenda navyo Hola, kwa fundi mmoja aliyekuwa akinunua vyuma vya pampu kuukuu. Uani kwake vyuma vilikuwa vimelundikana mpaka ukutani. Nilipiga magoti nikapima matundu kwa penseli karibu nusu siku.

"Dada, saizi kubwa kama hiyo sina," akaniambia. "Lakini si chuma ni chuma tu? Chukua hii ndogo. Tena itazunguka mbio kuliko ile ya zamani."

Tundu lilikubali. Hata mfereji ulikuwepo. Nikaichukua na kumshukuru kana kwamba amenipa ng'ombe.

Umeme tuliupata kwa jirani, aliyekuwa na jenereta ya kuchajia betri za gari na akituachia waya saa za mchana. Nilifunga puli, nikakaza mkanda, nikawasha. Pipa likaanza kazi kwa kishindo, likivuma. Mbio kweli! Majirani walikuja kuangalia. Nilimtazama Baba kwenye kigoda chake, naye akapuliza chai yake.

Baada ya saa mbili nilifungua. Vichwa vya stovu vilikuwa vya kijani vilevile kama nilivyovitia. Makapi yalikuwa na joto, basi.

Nikalaumu makapi. Nikabadilisha, nikatia mapya. Siku ya pili nikaongeza chokaa, siku ya tatu nikapunguza vyombo hadi viwili. Hakuna. Mzee mmoja wa Kiorma, mteja wa Baba wa tangu zamani, alikuja kuulizia birika lake. "Fundi, birika yangu bado?" akasema. "Mimi nataka ozesha binti, wageni nakuja. Hii chafu wageni taona aje?" Nikamwahidi kesho. Nilikuwa nadanganya na sote tulijua.

Kilichonikera zaidi ni Baba. Alikaa pale siku zote tatu, ametega sikio. Nikimwuliza, anajibu, "Wewe endelea, mama."

Siku ya nne jenereta ya jirani iliishiwa mafuta kazi ikiwa katikati. Mvumo ukapungua, pipa likaanza kuchoka, na mizunguko michache kabla ya kusimama nikasikia ndani: chwaa. Kisha tena: chwaa. Kama mchele unaomiminwa kwenye ungo. Nikasimama na kitambaa mkononi. Sauti hiyo niliijua, ndiyo niliyokuwa nikiisikia kila siku kabla puli haijapasuka. Kwa siku nne nilikuwa sijaisikia hata mara moja.

Nikatoa mkanda, nikalizungusha pipa kwa mkono. Polepole: chwaa, chwaa. Nikalizungusha kwa nguvu zangu zote: kimya. Nilirudia labda mara ishirini, nikicheka peke yangu. Likienda mbio, kila kitu kinabanwa ukutani na kuzunguka pamoja na pipa, hakuna kinachoanguka wala kinachosuguana na chenzake. Shaba inasafishwa na kule kuanguka. Mbio nilizojivunia ndizo zilizoharibu kazi.

Basi puli kubwa ilikuwa kubwa kwa makusudi, ili pipa liende polepole. Nilipima mzunguko wa vipande kwa uzi nikampelekea seremala wa vitanda, akanichongea nyingine kwa mbao ya mbambakofi, na kitovu chake tukakipigilia bamba la chuma lenye mfereji. Ilikuwa nzito, tena haikuwa duara kamili. Nikaifunga, nikawasha, na pipa likajikokota. Chwaa. Chwaa. Baada ya saa mbili nilitoa birika la yule mzee, na lilikuwa zuri hata nikaona haya kulishika kwa mikono ya grisi.

Nilimwekea Baba mapajani. Akalipapasa kwa mkono wa kushoto, pole pole, chini ya mdomo ambako uchafu hujificha.

"Ulijua tangu siku ya kwanza," nikamwambia.

"Nilijua ulipowasha."

"Mbona hukusema?"

"Mimi niliambiwa," akasema. "Yule mwindaji aliniambia, nami nikafuata tu. Siku moja mkanda ulikatika nikahangaika mwezi mzima. Wewe hutahangaika."

Kisha akanieleza lile lingine. Barua ya kaka alikuwa ameshaijibu, kwa kuandikiwa na jirani wa jenereta, na mimi mwenye kujua mambo yote ya mtaa sikuwa na habari. Alimwambia aje. Alikuwa amechoka, alitaka kukaa na wajukuu, na jambo moja tu lilikuwa likimsumbua.

"Nitakuachaje na mashine usiyoijua? Ungekula nini, mama?"

Nilikasirika. Nilimwambia angeniambia, wala sikujiuliza kwa nini mimi mwenyewe sikuwahi kumwuliza anataka nini. Nilikuwa nimepima kila tundu la chuma kuanzia Garsen hadi Hola.

Kaka alifika Alhamisi, uso umekunjwa, tayari kwa ugomvi na mimi. Alimkuta Baba amevaa kofia safi, mfuko umefungwa. Waliondoka kabla ya adhuhuri. Nilirudi kibandani, nikatia stovu nne na makapi, nikafunga kifuniko, nikawasha, na pipa lilipoanza kelele zake nikalia kwa sauti, maana nilijua nje hawatanisikia.