Kanga Waliokataa Kukimbia

Keji Betty alianza kutarizi mashuka huko Yei, kabla hajaolewa. Kwao shuka la kutarizi si la kulalia. Hutandikwa wageni wanapokuja, na mwenye macho hulitazama kwanza kabla hajapokea maji ya kunywa. Vita vilipowakimbiza, yeye na mumewe Ladu walivuka mpaka wakiwa na nguo walizovaa, na sindano zake amezichoma kwenye ukosi wa blauzi. Wakakaa Koboko, mji wa upande wa pili. Ladu akapata pikipiki ya kubeba abiria, Keji akarudi kwenye nyuzi zake. Baada ya muda hapakuwa na harusi ya maana Koboko ambayo haikutandika shuka lake.

Mwaka jana Hajati Kulusum, mwenye duka la vitambaa karibu na soko, alikuwa anamwoza binti yake. Alimwita Keji dukani.

"Mama Keji, usiniwekee tausi," alisema. "Kila nyumba iko na tausi. Weka kitu ya hapa kwetu."

Keji alitoka dukani mwepesi kama msichana. Alikuwa amechoka na tausi, ndege ambaye hajamwona maishani mwake. Alichotaka kuchora kwa miaka mingi ni kanga, wale ndege wa madoa waliokuwa wakishuka kwenye ufuta wa baba yake, wakisikia hatua za mtu tu, mbio. Akachora kanga watatu wanakatiza shuka zima, miguu ikitimua vumbi, ufuta ukiinama pembeni. Nukta nyeupe za manyoya alizishona moja moja, mpaka macho yakamwasha.

Alipomaliza alilitandika kitandani, akasimama mlangoni kulitazama. Kuna kitu kilikuwa kimekufa pale. Mshono ulikuwa safi. Rangi zilipatana. Lakini kanga hawakukimbia, na yeye hakuweza kusema kwa nini. Alilikunja, akalikunjua tena asubuhi kwenye jua, akidhani labda ni mwanga. Haikuwa mwanga.

Akamwonyesha Ladu. Ladu alikuwa ameegesha pikipiki uani, anasikiliza mpira wa timu ya Onduparaka redioni.

"Ni nzuri," alisema.

"Hujaangalia."

Ladu akageuza shingo, akaangalia. "Ni nzuri sana," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Keji akalipiga picha kwa simu, akaituma kwenye kundi la akina mama wa kanisani. Majibu yalimiminika kabla hajaiweka simu chini. Mikono ya kupiga makofi, mioyo myekundu, Mungu abariki kazi ya mikono yako. Mmoja aliandika kwamba amelia. Keji alisoma yote, kisha akaizima simu kwa hasira ambayo yeye mwenyewe hakuielewa. Hawa ni watu waliokuwa wakimpenda. Alitaka nini zaidi?

Siku hizo kulikuwa na kijana anaitwa Fabiano, afisa wa mradi wa kazi za mikono, anayepita kuwaona wanawake wakimbizi. Keji akamkunjulia shuka. Fabiano alilitazama kwa makini kuliko wote, akapapasa na mshono.

"Kazi iko safi, mama," alisema. "Ila wageni wanaonunua hawawezi kubeba shuka kubwa namna hii. Toa huyu kanga mmoja, weka kwa kitambaa ya mto. Hiyo itauzika haraka."

"Lakini huyo kanga, unamwonaje?"

"Kanga iko sawa."

"Anakimbia?"

Fabiano akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mimi naangalia soko, mama. Kukimbia sijui."

Hakusema uongo. Ushauri wake ulikuwa mzuri, na wenzake Keji walioufuata waliuza. Lakini haukugusa kile kilichokuwa kikimuuma.

Basi akamkumbuka Juliet. Walikuwa jirani Yei, wakitarizi kwenye mkeka mmoja, na Juliet alikuwa na ulimi mkali kuliko sindano. Aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba ua lake linafanana na kabichi. Keji alilia siku ile, kisha akalifumua, na ua lililofuata wanawake walilinakili mwaka mzima. Sasa Juliet yuko Arua, mtaa wa Mvara, anashona sare za shule kwa cherehani kwenye baraza la nyumba aliyopanga. Wakionana misibani huongea habari za watoto na bei ya sabuni. Kazi ya shuka hawakuwahi kuigusa tena.

Keji akafunga shuka kwenye kitenge, akaenda Arua. Alimkuta Juliet ameinama kwenye cherehani, vipande vya kitambaa cha bluu vimejaa miguuni pake. Walisalimiana kwa Kikakwa chao, wakaulizana habari za nyumbani, akaletewa chai. Ndipo Keji akakunjua shuka juu ya benchi.

"Nzuri," alisema Juliet. "Nzuri sana, dada. Hongera." Akarudisha mguu kwenye pedali ya cherehani.

Keji akaweka kikombe chini.

"Juliet, na wewe pia?"

"Na mimi nini?"

"Nimetoka Koboko na vumbi lote hilo. Nzuri ninayo nyumbani, imejaa simu nzima. Sikuja kufuata nzuri."

"Unataka nikutukane?"

"Zamani ulinitukana bila kuombwa."

Juliet akasimamisha cherehani. "Zamani tulikuwa kwetu," alisema. "Hapa kila mtu ana kidonda. Nani nimwambie maua yake yamepinda? Kuna mama mmoja kambini nilimwambia hivyo, akaweka sindano chini, hakuishika tena. Tangu siku hiyo nasema nzuri."

"Mimi si mama huyo."

"Najua." Juliet akaokota uzi uliomwangukia kwenye gauni. "Tena hata sijaliangalia, Keji. Niliona rangi tu. Mashuka yangu yote yalibaki Yei, hata lile la mama. Mtu akinikunjulia shuka nasema nzuri ili alikunje haraka."

Hasira ya Keji ilikosa pa kukaa. Alianza kulikunja shuka, na mkono wa Juliet ukamshika.

"Liache," alisema.

Safari hii aliangalia. Alisogea nyuma mpaka ukutani, akaja karibu, akainama. Chai ikapoa. Aliponyanyua kichwa, sauti yake ilikuwa ile ya Yei.

"Hawa wamesimama. Umewachora miguu ya mbio na shingo za kupigwa picha. Kanga akikimbia, kichwa kinatangulia, mgongo unapanda, yeye mzima anakuwa kama jiwe lililorushwa. Na kwa nini wananiangalia? Anayekimbia ananiangalia kufanya nini? Huyu wa katikati anangoja nimpe mtama."

Keji aliona. Aliona mara moja, kama mtu aliyeonyeshwa doa kwenye shati lake mwenyewe, na badala ya kushukuru akachukia. Alichukia jinsi lilivyokuwa wazi, na kwamba hakuliona peke yake. Akachukia pia wiki zote zilizoingia kwenye zile shingo. Alikunja shuka bila kuaga vizuri, akarudi Koboko na kichwa kinamwuma.

Kwa siku kadhaa hakuligusa. Kisha akachukua wembe, akafumua shingo zote tatu, na migongo, na macho. Ladu alipomkuta na rundo la nyuzi zilizokatwa mapajani alishika kichwa.

"Harusi imekaribia, na wewe unabomoa?"

"Nabomoa," alisema Keji, na hakueleza.

Alishona upya. Shingo zikanyooka mbele, vichwa vikashuka karibu na ardhi, macho yakatazama kule wanakokwenda. Wawili wakakimbia. Alijua wanakimbia kwa sababu alipoingia chumbani ghafla mwili wake ulishtuka kidogo. Akalipeleka kwa Hajati Kulusum akiwa na uhakika ambao hakuwa nao tangu aondoke Yei.

Hajati alilitandika kaunta nzima, akalitazama, uso ukabadilika.

"Hii si ile ya kwa picha," alisema. "Ile picha imepita kwa simu mpaka Kampala, wakwe wameiona. Kanga zangu ziliinua kichwa. Hizi zimeinamisha, kama zimepigwa. Binti yangu ataingia kwa ndoa na ndege za kuogopa?"

"Hajati, kanga akikimbia ndivyo anavyokuwa."

"Nani alisema nataka za kukimbia? Nataka za kupendeza. Mama Keji, nisikilize. Nimekuita kwa sababu mkono yako ni mzuri. Nirudishie zile."

Haikuwa dharau. Hajati alimshika mkono aliposema. Hilo ndilo lililomkera Keji zaidi, kwamba hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Alishona shuka lingine, la kanga waliosimama, usiku na mchana, akisaga meno kila alipofika kwenye shingo. Siku ya harusi lilitandikwa, na wanawake walilizunguka wakipiga vigelegele. Wiki ile ile alianza kupata maombi, na kila aliyekuja alitaka kama lile la Hajati. Ladu alifurahi. Keji alishona, akashukuru, akala, na moyoni alikuwa kama mtu anayeimbishwa wimbo asioupenda.

Shuka lile la kwanza, la wanaokimbia, alikaa nalo. Mwishowe akalifunga tena kwenye kitenge.

"Unaenda kulipa nauli ili utukanwe?" Ladu alimwuliza, na hakuwa anatania. "Mji mzima unakusifu."

"Mji mzima haujui kanga yupi amekufa," alisema. "Sasa nikamwulize nani?"

Mvara, Juliet aliliangalia kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

"Wawili wanakwenda," alisema. "Huyu wa tatu bado."

"Bado vipi? Shingo si hiyo? Kichwa si hicho?"

"Sijui. Miguu, labda. Ana haraka ya juu tu, chini ametulia."

"Labda," Keji alirudia kwa uchungu. "Nimeshona mpaka vidole vimetoboka, na wewe unaniambia labda. Basi mchore wewe."

Alidhani Juliet atakataa. Juliet alichukua chaki ya kukatia sare, akapiga magoti mbele ya benchi, akakaa hivyo kidogo mkono ukiwa hewani. Kisha akavuta mstari juu ya kitambaa, polepole, kutoka pajani mwa ndege mpaka kwenye vumbi.

Keji akainama juu ya bega lake.

"Huyo sasa ni bata," alisema.

Juliet alitazama mstari wake. Hakubisha. Aliufuta kwa kiganja, akahamisha goti, akaanza mwingine.