Pete ya Ndege wa Chiwata

Ndege mwenyewe alikuwa wa kawaida tu, wale wa kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, wanaopiga kelele kwenye mikorosho tangu alfajiri. Nilimtoa wavuni, nikambania pete mguuni kwa koleo, mwenyekiti wa klabu yetu ya ndege akaandika namba, nikamwachia. Akaenda kutua juu ya paa la bibi aliyeturuhusu kutega nyavu shambani kwake.

Kesho yake asubuhi bibi yule alinifuata shuleni ninakofundisha. Hakutaka kuingia ofisini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwalimu, yule ndege mlimfunga nini?"

Nikamweleza kwamba ni kibati chepesi chenye namba, ili akinaswa tena tujue ametokea wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alishinda juu ya paa langu. Leo mjukuu wangu ameamka anawaka moto, hata maji hayataki. Njoo ukifungue ulichokifunga."

Alisema polepole, bila hasira, na hicho ndicho kilichonitisha. Nimezaliwa huku Chiwata. Mtoto akifa na jina lako limeshatajwa kwa uchawi, hakuna atakayekuja kukuuliza habari za namba.

Nilimpigia simu mwenyekiti, ambaye kazi yake ni fundi baiskeli. Alifunga kibanda chake, akaja na nyavu.

"Tukimnasa, tunamvua pete, basi," alisema.

"Tusipomnasa?"

Akaanza kukunjua nyavu.

Tulitega palepale kwenye mikorosho. Majirani walikuja mmoja mmoja, wakasimama wakitutazama, wakinong'ona Kiyao. Mwanamume mmoja alikuwa na panga. Pengine alikuwa anatoka kukata kuni. Sikuthubutu kumtazama mara mbili. Wa kwanza kunasa alikuwa wa kichwa cheusi, lakini hakuwa na pete. Nilimnasua, nikamwachia. Wetu alikuwa juu kabisa ya mkorosho, pete ikimetameta, wala hakushuka.

Kutoka ndani ya nyumba ya bibi nikasikia mtoto akikoroma kwa shida. Niliacha wavu.

"Bibi, ndege tutamsubiri. Mtoto twende naye zahanati."

"Akifia njiani?"

"Atakuwa mikononi mwangu."

Nilishasema kabla sijafikiri.

Tulipanda bodaboda, mtoto katikati, kichwa chake kikinichoma kifuani. Kila pumzi ilipochelewa niliita jina la Mungu. Zahanati walimtoboa kidole, wakasema ni malaria kali, wakamchoma sindano na kumtundikia dripu. Bibi alikaa kando yangu kwenye benchi, amenishika mkono karibu na kiganja, kama anayemzuia mtu asitoroke. Hakuniachia hadi jioni, mtoto alipofumbua macho akaomba uji.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kumsalimia. Mtoto alikuwa anacheza uani. Bibi alinipa kiti na muhogo wa kuchemsha.

"Umenisaidia, mwalimu, nashukuru," alisema. "Lakini nyavu zenu msizilete tena."

Sikubishana naye. Klabu ikahamia kijiji cha Mkunya. Asubuhi ya kwanza, wenzangu wakisimika miti ya nyavu, mimi nilipita nyumba kwa nyumba kuuliza kama kuna mtoto anayeumwa.