Gitaa Zito la Baba

Harufu ya vanishi mbichi bado hunichosha. Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa Ruiru aliniletea gitaa jipya alilomnunulia mwanawe, nikague kama hakupunjwa. Alipofungua mfuko tu, nilijikuta kwenye karakana ya baba, nina miaka kumi na mmoja, maranda yamenasa kwenye soksi.

Baba alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda, kabati, na watu walipofiwa, majeneza. Aliniita Maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Kwa jina hilo aliniheshimu kupita umri wangu, nami nikaona sharti nimheshimu maradufu.

Mwaka huo mpiga gitaa wa kwaya yetu ya watoto alihama na wazazi wake, na mwalimu wa kwaya akasema nafasi ni yangu nikipata gitaa langu mwenyewe. Sikutaka kitu kingine duniani. Baba alifikiri wiki tatu, kisha akanipeleka Thika, kwenye duka la vitu vilivyotumika.

Tulikuta magitaa mawili, ya bei moja. La kwanza lilikuwa jepesi, limepauka, lina mkwaruzo tumboni. La pili lilikuwa zito, jekundu, linang'aa kama kabati la maharusi. Niligusa uzi mmoja wa lile lililopauka, na sauti ikakaa hewani hata mwenye duka akageuka. Lile jekundu lilitoa sauti fupi, kama mtu anayejibu salamu akiwa na haraka.

Baba hakusikiliza. Aligonga kwa kidole, akapima unene wa mbao kwa ukucha kwenye ukingo wa tundu, akapima uzito mkononi.

"Mzee, kwani unanunua gitaa ama meza?" mwenye duka akamchokoza.

"Kitu cha mbao ni kitu cha mbao," baba akajibu bila kucheka. "Hii ingine ni nyembamba kama kreti ya nyanya. Itapasuka kabla ya Krismasi." Akanigeukia. "Ama unasemaje, Maitu?"

Nilijua jibu. Lakini mama alikuwa ametufundisha kwamba fundi hakosolewi mbele ya watu. Nikasema, "Hiyo nzito ni nzuri, baba."

Nyuzi zake zilikaa juu sana ya shingo. Kuzibana ilikuwa kama kubana waya wa kuanikia nguo. Vidole vilipasuka, mama akavipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, akisema vitazoea. Havikuzoea. Mwalimu alinisubiri hadi Pasaka, kisha akampa nafasi mwenzangu. Nikamwambia baba kwamba nimechoka na gitaa.

Alipiga msumari sebuleni, akalitundika, mama akalifunika kwa kitambaa cha kufuma. Wageni walipouliza nani hulipiga, baba alijibu polepole, "Maitu alikuwa anajifunza, lakini alichoka." Nilisikia maneno hayo kwa miaka mingi, nikiwapelekea chai.

Nilipokaribia miaka arobaini nilianza kujifunza upya, peke yangu, kwa gitaa na vitabu vya kuazima. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uso wa gitaa huwa mwembamba ili utetemeke, na kwamba uimara ambao baba aliutaka kwenye kitanda ni kasoro kwenye gitaa. Hilo halikuniumiza, kila fundi hukosea nje ya kazi yake. Kilichoniumiza ni ukurasa uliofuata. Nyuzi zikikaa juu, hushushwa kwa kusugua msasa sehemu ya chini ya kile kipande cheupe zinachoegemea tumboni mwa gitaa. Ni kazi ya nusu saa. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Nililiangua gitaa ukutani, nikasugua kidogo kidogo, nikipima kila mara. Sauti ilibaki fupi, lakini vidole vyangu vilibana nyuzi bila maumivu. Nilikaa nalo magotini, sina wimbo wa kupiga.

Kimya changu nilikuwa nimekiita heshima. Kumbe mtu wa pekee niliyemjua mwenye mikono ya kulirekebisha alikuwa hatua ishirini kutoka kitandani kwangu, akiranda mbao za wateja, na angeziacha zote mara moja kama ningemwonyesha vidole vyangu.